Pua ya Nyumba

Kitendawili. Nina chumba changu: mlango ukiwa wazi sipati chombo, mlango ukifungwa sipati hewa.

Msinipe mji. Nimeshazeeka, mji nitaufanyia nini? Jibu ni jiko la mama mkwe wangu.

Fundi aliyeijenga nyumba ile sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Mlango wa jikoni aliufanya ufungukie ndani, na ukishafunguka unakwenda kuegemea kabati la vyombo na kuliziba lote. Ukitaka sufuria, ukitaka mwiko, ukitaka chumvi tu ya kutia kwenye yai, sharti uingie, ufunge mlango nyuma yako, ndipo kabati lifunguke. Dirisha halikuwepo. Palikuwa na kitundu cha mraba ukutani, kiasi cha sahani kupita, na upande wa pili wa kitundu ndipo palipowekwa meza ya kulia. Watu wa nyumba ile waliliingia jiko lile kwa pumzi moja kama wapiga mbizi: wanazama, wanachukua, wanaibuka. Mimi niliingia nikiwa na siku nane za ndoa, nikafunga mlango, nikakaa mwaka na miezi minne.

Wala sikufungiwa na mtu. Nalisema hilo mapema msije mkamsema vibaya marehemu.

Mama mkwe alikuwa na mgahawa karibu na kiwanda cha mbao. Kila jioni yeye na wifi yangu walirudi na ndoo mbili zenye vifuniko: moja ya wali na viazi, nyingine ya maharage, mchuzi na chochote ambacho wapasua mbao hawakukimaliza. Mkate uliokauka ulikuja kwenye mfuko, begani kwa wifi. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja tu, hakimwagwi kitu. Mama mkwe alikulia kwenye njaa. Aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa analamba karatasi ambazo majirani walifungia sukari. Mtu kama huyo huendi kumwambia habari za kumwaga. Kwa hiyo siku sita kwa juma chakula kipya kilipikwa kule mgahawani kwa ajili ya watu wa nje, na nyumbani tulikula viporo. Kazi yangu mimi, mke wa mwana, ilikuwa kukibadilisha kiporo mpaka walaji wasikitambue.

Mgumu wa kudanganywa alikuwa baba mkwe. Alikuwa fundi viatu, karakana yake ni chumba cha mbele, na ulimi wake ulifanana na sindano yake ya kushonea soli: ukiingia upande huu, lazima utokee upande wa pili. Siku yangu ya kwanza nilipasha maharage nikayaweka mezani hivyo hivyo. Akayatazama.

"Haya nayafahamu," akasema. "Jana tulionana. Ila jana yalikuwa na afya."

Wifi akacheka mpaka akapaliwa. Mimi machozi yalinilengalenga. Kesho yake nikaamua kumpikia Kofia.

Kofia ni chakula cha mama yangu mzazi, na yeye alikipata kwa mama yake, na jina hilo ni la kwetu tu, usiende kuliuliza sokoni. Unatandaza wali uliolala kwenye sinia ukauke. Unaponda viazi na maharage. Mkate mkavu unausaga, unapaka mafuta sufuria, unaipigia ukuta wa mkate ndani, halafu unashindilia tabaka kwa tabaka, unafunika, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ikiiva unaipindua kwenye sinia, inatoka duara, kahawia, imetuna kama kofia ya mzee mwenye cheo. Na kuna kitu kimoja tunakitia katikati ambacho mtu wa nje hawezi kukijua hata alambe sufuria.

Baba mkwe alikula kimya. Akaongeza. Akaongeza tena. Mwisho akasukuma sahani akasema, "Huyu sijawahi kuonana naye."

Mama mkwe akavua kitambaa chake cha jikoni kiunoni, akanifunga mimi. "Kuanzia leo jiko ni lako, mwanangu."

Nilifurahi kama niliyevishwa taji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ningejuaje kwamba sifa nayo ni kamba, na kwamba hii nilikuwa naisokota kwa mikono yangu mwenyewe? Katika nyumba ile sikuwa na kitu. Kitanda chao, vyombo vyao, mume mtoto wao. Kofia ndiyo ilikuwa yangu. Basi nikaificha. Nilifunga mlango hata pale ambapo sikuhitaji kabati. Wifi alikuwa anapiga kelele kutoka nje.

"Wifi, unatia nini humo?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba nyingine wakimvua nguo wanazitupa. Mimi namvua, nazikunja, naziweka."

"Mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga nimtie kwenye sufuria? Umeshindwa."

"Wewe mchoyo, wifi. Utazikwa nayo hiyo Kofia."

Tulikuwa tunacheka. Lakini nilikuwa mchoyo kweli.

Mwezi wa nane wa ndoa mume wangu akapata kazi ya fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Akatangulia. Miezi ikapita, anaandika, anasema vumilia. Kisha ikaja barua tuliyokuwa tunaingoja. Katika nyumba ile barua ilisomwa na baba mkwe mezani, kwa sauti, miwani puani, na anapofika penye maneno ya mtu na mkewe anakohoa na kuruka mstari.

"'Nimepangiwa nyumba,'" akasoma. "'Vyumba viwili na jiko lenye madirisha mawili.' Madirisha mawili! Anapika au anapunga watu mkono? 'Lakini nyumba hizi ni za wenye ndoa. Karani wa kiwanda lazima amwone mke wangu kwa macho yake kabla ya mwezi huu kuisha. Asipomwona, narudishwa bweni la makapera, na zamu yangu ya kupata nyumba inaanza upya, miaka mitatu au minne. Mama, naomba umruhusu aje.'"

Siku zilikuwa zimebaki ishirini na mbili. Wote tukamtazama mama mkwe. Alikuwa anakusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa kiganja, taratibu, hata moja asiliache.

"Tutaona," akasema.

Jamani, neno hilo. "Hapana" ningeipigania, "ndiyo" ningeishukuru, lakini "tutaona" utaishika wapi? Juma la kwanza alisema subiri kiwanda cha mbao kipunguze wafanyakazi wa muda. Juma la pili akasema mguu wake unamsumbua. Kila nilipofungua mdomo alinisifu. "Nyumba hii haina mkono mwingine kama wako." Na kila alfajiri, kabla hajatoka, alisimama kwenye mlango wa jiko akaniuliza swali lake lile lile: "Ndoo zinasemaje leo?"

Mimi nafungua vifuniko, nanusa, namwambia: wali salama, mchuzi salama, maharage yapikwe haraka, hayafiki jioni. Yeye anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Nilidhani ananiheshimu.

Nikapata akili ya kumfundisha wifi. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, nitamwachia Kofia yote, sitaficha kitu." Akasema vizuri sana, mwanangu. Lakini kila nilipomwita wifi jikoni, mama yake alikuwa na la kumtuma. Sabuni imekwisha. Jirani ana sufuria yetu. Siku moja alimtuma akaangalie kama mvua itanyesha.

Nikambana wifi kwenye kamba ya nguo.

"Wewe nawe mbona humgomei? Hata dakika kumi?"

Akakamua shati la shule mpaka likakaribia kulia. "Nikwambie ukweli, wifi? Usinikasirikie?"

"Sema."

"Mimi sitaki kujua. Nikijua, wewe ndiye utakayetoka na mimi ndiye nitakayebaki. Mwakani namaliza shule. Nataka chuo cha uuguzi. Mama akiniona nimeweza hiyo Kofia yako mara moja tu, nimekwisha. Wewe ulimwonyesha mara moja, uko wapi sasa?"

Nilirudi jikoni, nikafunga mlango, nikakaa juu ya debe. Jiko lilikuwa refu hatua nne, pana hatua mbili. Nilijua bila kuhesabu, kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi.

Zimebaki siku kumi na moja, nikaamka na mafua. Mafua mabaya, yale ya kichwa kizima kujaa pamba. Mama mkwe akaja mlangoni.

"Ndoo zinasemaje?"

"Mama, leo mimi sisikii harufu hata ya moshi. Hebu ninusie wewe maharage."

Akasimama pale. Kisha akaingia, akafunga mlango, akainama juu ya ndoo. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kunusa. Akainuka.

"Mazuri," akasema, akaenda zake.

Nikayatia motoni. Hayajachemka vizuri nikasikia sauti ya baba mkwe kutoka karakana, kutoka kule kwenye gundi na ngozi mbichi na viatu vya watu.

"Jamani! Nani amefia humo jikoni na hatukuambiwa?"

Nikaepua sufuria, nikayazoa nikayatupa kwenye shimo nyuma ya nyumba kabla mama mkwe hajajua. Na pale shimoni, na pua yangu imeziba, ndipo nilipoelewa. Maana mimi mwenyewe siku ile nilikuwa nayasogeza karibu na uso, nayatazama, nabahatisha. Nilikuwa nainama kama yeye alivyoinama.

Jioni aliporudi na ndoo nilimfungulia mlango wa jiko. "Mama, maharage ya asubuhi yalikuwa yameoza."

Akaniangalia. "Funga mlango," akaniambia.

Nikafunga. Tukabaki wawili, magoti yetu yanakaribia kugusana.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu ile homa yangu. Huu mwaka wa tatu. Niliamka asubuhi moja, nikanywa chai, nikaona ni maji ya moto. Nikasema itarudi. Bado nangoja."

"Na mgahawani?"

"Mpishi wangu anaonja. Mimi nakaa mbele, natoa amri, nani atajua? Hapa nyumbani ndipo hakuna mpishi. Kabla hujaja niliwalisha uozo siku mbili mfululizo. Mzee alitapika mpaka akakonda. Nikasema ni joto." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Unakumbuka tulipokuja kwenu kukuposa?"

Nitasahauje? Niliingia sebuleni na sinia la nyama, macho ya watu wote yako juu yangu, nikafika katikati nikapata harufu. Kidogo tu, kama mtu anayenong'ona. Nikageuka na sinia langu nikarudi jikoni. Shangazi zangu walitamani ardhi ipasuke. Mama yangu alinifinya mkono mpaka ukabaki na alama.

"Njiani nilimwambia mzee, huyu huyu," mama mkwe akasema. "Akaniuliza, huyu aliyewanyima wageni chakula? Nikamwambia, huyu huyu."

Kumbe. Na mimi miezi yote hiyo nilidhani nilichaguliwa kwa adabu yangu.

"Ukiondoka nitawaua hawa," akasema. "Na usimwambie mtu. Naomba."

Hapo nikaona kwamba ule mlango ulikuwa na makufuli mawili. Moja nililifunga mimi kwa choyo changu. La pili alilifunga yeye, na ufunguo ulikuwa aibu yake. Kabla ya siku ile nilikuwa nimekwama na mtu niliyemkasirikia. Sasa nilikwama na mtu niliyemhurumia, na huko ndiko kukwama hasa.

Mafua yalipopona nikaanza kumfundisha. Mama yangu alinifundisha Kofia kwa vitendawili, kila kimoja kina kazi yake, basi na mimi nikamtega mama mkwe wangu, mtu mzima mwenye mgahawa, kama mtoto.

"Anatoa povu na hakuna aliyemwosha?"

"Maharage yaliyoharibika."

"Ukimvuta anafuata, hataki kukatika?"

"Wali uliooza. Unavuta uzi."

"Analia kabla hajapigwa?"

Akafikiri. "Mchuzi. Unatoa mapovu kabla ya moto."

"Umeona, Mama! Macho yapo, vidole vipo, masikio yapo."

Siku tatu alishinda. Alikuwa anachovya kidole, anavuta, anasikiliza sufuria amelaza kichwa kama daktari. Mara moja alicheka, kicheko cha msichana, na mimi nikaanza kukunja nguo zangu za safari akilini. Siku ya nne ilikuwa zamu ya mchuzi wa samaki, uliobaki mgahawani siku mbili mfululizo. Nikaweka mabakuli mawili mbele yake, moja la jana, moja la juzi, achague lililo salama. Samaki ni mnafiki. Hakutoa povu, hakuvuta uzi, alinyamaza tu anang'aa. Mama mkwe akachagua la juzi. Nikazungusha mabakuli, akachagua tena la juzi. Mara ya tatu akaweka mwiko chini.

"Inatakiwa pua," akasema.

"Mwambie Baba."

"Nani? Mzee?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Yule? Yule anifanye wimbo? Kila atakayeleta kiatu kilichotoboka atapewa na habari zangu bila malipo. Mpaka wapasua mbao wazipate. Nani atakula kwa mama asiye na pua? Afadhali wafe wote."

Zilibaki siku tano.

Sitasema uongo, nilifikiria kumtangaza. Ilikuwa rahisi mno. Kitundu kile kile ninachopitishia sahani ningepitisha maneno saba tu, na kesho niko kwenye basi. Nililala nayo, nikaamka nayo, na asubuhi nilipomwona anaosha vifuniko vya ndoo, anavigeuza, anavigeuza tena kwa sababu hajui kama vimetakata, nikashindwa. Lakini pia nilishindwa kukaa. Mume wangu alikuwa ameniandikia kwamba ameshapaka rangi.

Nikamwambia, "Mama, mimi sitasema. Nakuapia. Lakini kama nabaki, usinibakishe na 'tutaona'. Niombe nibaki. Niombe mbele yao, na useme ni kwa nini. Ukifanya hivyo nitabaki, na sitanung'unika."

Alichukua mkoba wake akaenda mgahawani, na siku mbili hatukusemezana ila mambo ya ndoo. Begi langu nililiweka chini ya kitanda, halijajazwa, halijatolewa.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya mgahawa kufungwa. Mchana, niko jikoni, mlango umefungwa, nasubiri mama mkwe anipe chakula cha kupasha. Badala yake akaingia mwenyewe, akachukua mabakuli mawili, akateka mchuzi wa samaki, wa jana kwenye moja na wa juzi kwenye lingine, akatoka. Nikainama kwenye kitundu.

Kitundu kile hakikuonyesha nyuso. Ukiinama unaona meza tu, na mikono. Niliona mikono ya baba mkwe yenye madoa ya gundi. Niliona mikono yake yeye ikiweka bakuli moja, halafu la pili.

"Leo tunakula mara mbili?" Sauti ya baba mkwe. "Au moja ni la yule mpangaji wa tumboni mwangu?"

"Nusa," akasema mama mkwe.

"Ninuse nini?"

"Nusa uniambie lipi limeharibika."

"Loo! Siku hizi kuna mtihani? Nikifeli narudia darasa?"

"Mimi sisikii harufu," akasema. "Wala ladha. Miaka mitatu. Nakula kama ninayetafuna kitambaa."

Mikono ya baba mkwe ilikuwa inachezea kijiko. Ikaendelea kukichezea kidogo.

"Miaka mitatu," akasema. "Yaani mimi nakukosoa chumvi, nakukosoa pilipili, na wewe..." Akaanza kucheka. Nilikisikia kicheko kinapanda, nikafumba macho jikoni kwangu. Kisha kikakatika. Nadhani ndipo alipoutazama uso wake.

Kijiko kikawekwa mezani.

"Hata gundi husikii?" akamwuliza, na sauti ilikuwa nyingine.

"Hata gundi."

"Mimi nanuka gundi miaka thelathini."

"Ulikuwa unanuka. Sasa najua umeingia kwa mlio wa kiatu."

Mkono wake mmoja ukavuka meza. Sikuona ulikokwenda, ulipita nje ya kitundu changu. Ukarudi. Akavuta bakuli la kwanza, akainama, na kipara chake kikaingia kwenye mraba wangu. Akanusa. Akanusa la pili.

"Hili zuri. Hili tupa."

"Nitupe?"

"Tupa, mama watoto. Hili hata paka atatushtaki."

Alilichukua mwenyewe. Nilisikia hatua zake mpaka shimoni nyuma ya nyumba, nikasikia mchuzi unamwagika. Yule aliyelamba karatasi za sukari. Aliporudi aliketi, mikono yake ikawa juu ya meza, mitupu.

"Kila alfajiri nitanusa," baba mkwe akasema. "Kabla ya kushika gundi, maana baadaye mimi nami sifai. Wala simwambii mtu. Mnanionaje? Mimi naongea viatu vya watu, siongei mke wangu." Akagonga ukuta kwa kijiko. "Mkwe! Wewe uliyeinama kwenye kitundu. Toka humo!"

Nikatoka. Mwanga wa ile sebule uliniumiza macho.

Baba mkwe alikuwa ameleta kadibodi, ile anayokatia vipande vya soli, na penseli kutoka sikioni. "Sema hiyo Kofia yako. Yote. Mama yako huyu anapika, mimi nanusa, nani atakumbuka? Tuandike."

"Wali, Baba, unautandaza..."

"Wali kiasi gani?"

"Kiasi cha... ukijaza mikono miwili."

"Mikono ya nani? Yangu au yako? Sema vipimo. Viazi?"

"Vitatu vya ukubwa wa kati."

"Wa kati kama nini? Kama kisigino cha mwanamke au cha mwanamume?"

"Cha mwanamke aliyevaa kiatu," wifi akadakia. Alikuwa ameingia na mfuko wa mkate, akasimama nyuma ya baba yake anasoma. Mama mkwe naye alikuwa anatikisa kichwa, anarekebisha. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, umesahau kumwambia, akasema. Alikuwa akiniona kumbe, muda wote ule alikuwa anatazama kwa sababu hakuwa na kingine.

Tukafika katikati. Penseli ikangoja.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Nilikuwa nataka kutoka kuliko kitu chochote, na ulimi ukagoma. Nikisema hilo moja, nilikuwa na nini tena?

"Maganda ya kitunguu," nikasema. "Makavu, yale ya nje. Huyatupi. Unayachemsha, unachuja, maji yake unayachanganya na viazi. Ndiyo yanaleta ile rangi na ule utamu wa mwisho."

Wifi akaniangalia. "Maganda?"

"Ndiyo."

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu."

Mwaka na miezi minne. Baba mkwe hakutania. Aliandika *maganda ya kitunguu*, akapigia mstari chini, akapuliza unga wa penseli.

"Basi lako ni la saa ngapi?" mama mkwe akauliza. Alikuwa anamtazama mumewe akiandika, hakugeuka.

"Saa moja asubuhi, Mama."

"Begi hujapanga. Nenda kapange."

Asubuhi niliamka gizani bado, nikavaa, nikabeba begi. Kwenye ukumbi nikasikia vifuniko vya ndoo vinafunguliwa, na baba mkwe anapumua kwa nguvu kama ng'ombe.

"Wali, wali... wali sijui," anasema. "Unanuka kitu. Au ni mimi?"

"Wewe ndiye mwenye pua, unaniuliza mimi?"

"Subiri basi, usinifokee. Hebu muulize mkwe."

Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Begi liko mkononi na tayari nilikuwa nimefika mlango wa jiko, mkono uko kwenye kitasa, naingia. Mama mkwe akatokeza, akasimama pale mlangoni, mfupi, amejaza nafasi yote.

"Unakwenda wapi?"

"Naangalia tu wali, Mama. Mara moja."

"Ukiingia humu hutoki. Nenda."

"Lakini kama umeharibika?"

"Ukiharibika tutautupa." Alisema kwa shida, kama mtu anayetema mfupa. "Nenda, mwanangu, kabla sijageuka."

Kisha akarudi ndani akanifungia mlango usoni, na nikasikia kabati linafunguka.

Karani wa kiwanda aliniona kwa macho yake siku iliyofuata, ya mwisho ya mwezi, saa tano kasoro robo. Aliniuliza maswali mawili, jina langu na kama kweli nimeolewa na huyu. Nikamjibu yote mawili nimesimama mlangoni. Aliniambia niingie nikae kwenye kiti. Nikamwambia asante, hapa hapa panatosha.